Silvia Pinal na kazi ya kutulia mbele ya kamera

Kufikia mwaka 1960 hakuna mpenzi wa sinema Mexico aliyehitaji kuelezwa Silvia Pinal ni nani. Binti huyo wa Guaymas, jimbo la Sonora, aliyezaliwa tarehe 12 Septemba 1931, alikuwa ameshacheza na mwigizaji Pedro Infante katika filamu ya El inocente, ameshapata tuzo za sinema za Mexico ziitwazo Ariel, na mchoraji Diego Rivera alikuwa ameshamchora. Watu walimpendea vichekesho na hadithi za mapenzi: sauti nyepesi, macho yasiyotulia, mwili unaojua kamera imewekwa wapi. Katika Viridiana, filamu iliyotoka mwaka 1961, aliviweka kando vyote hivyo. Nimeirudia filamu hiyo mara nyingi ili nielewe alifanyaje, na naamini jibu limo katika mambo ambayo alikataa kuyafanya.

Pinal ndiye aliyemtaka mwongozaji Luis Buñuel. Mhispania huyo alikuwa akifanya kazi Mexico tangu miaka ya 1940, mara nyingi kwa bajeti finyu na kwa haraka. Pinal na mumewe, mfanyabiashara Gustavo Alatriste, walimpa fedha na, lililo kubwa zaidi, uhuru. Filamu ilipigwa Hispania, chini ya utawala wa dikteta Franco, kwa ushirikiano na watayarishaji wa huko. Mwigizaji aliyetafuta mtaji ili apate mwongozaji anayemtaka anastahili kuhesabiwa miongoni mwa walioitengeneza filamu hiyo, ingawa vitabu vingi vinamtaja kama sura tu.

Viridiana ni mnovisi anayekaribia kuweka nadhiri. Anakwenda kumtembelea mjomba wake, Don Jaime, anayechezwa na Fernando Rey. Mzee huyo amefiwa na mke usiku wa harusi, na binti huyu anafanana mno na marehemu. Mwigizaji wa kawaida angetuonyesha mapema kwamba anahisi hatari: angekunja kipaji, angerudi nyuma hatua moja. Pinal hafanyi hivyo. Anaongea polepole kwa sauti ya usawa, na uso wake unabaki mtupu. Kwa hiyo woga wote unatuhamia sisi tunaotazama, kwa sababu tunaona asichokiona.

Itazame sehemu anapotembea usingizini. Don Jaime yuko peke yake, anajaribu kiatu na vazi la ndani la marehemu mkewe, na Viridiana anaingia kwa gauni la kulalia, miguu mitupu, kikapu mkononi. Anapiga magoti mbele ya moto, anatupa nyuzi zake za kufumia ndani, anazoa majivu, kisha anakwenda kuyamwaga juu ya kitanda cha mjomba. Karibu waigizaji wote wanapocheza usingizi huupamba kwa mikono iliyonyooshwa na macho ya kizuka. Pinal anazifanya kazi hizo kama mtu anayepanga vyombo jikoni asubuhi. Hana haraka, hana dalili ya ndoto. Ukawaida huo ndio unaotisha, na unampa Buñuel nafasi ya kukaa na miguu yake, moto na majivu bila kuhitaji muziki wa kutuambia tuogope.

Baada ya mzee kujinyonga, Viridiana anaacha utawa na kukusanya ombaomba ili awalee. Hapo kuna sala ya Malaika wa Bwana shambani. Buñuel anakata kutoka kwenye nyuso za wanaosali hadi kwenye kazi za ujenzi alizoanzisha binamu yake Jorge: mawe, mbao, chokaa. Mkato mmoja wa sala, mmoja wa kazi, tena na tena. Mbinu hiyo ingevunjika kama mwigizaji angebadilisha uso kila kamera inapomrudia. Anabaki palepale, na uhariri ndio unaomfanya aonekane mtakatifu katika mkato mmoja, na mjinga katika mwingine.

Mwisho ndio unaosimuliwa zaidi. Wakaguzi wa Hispania walikataa mwisho wa kwanza, ambapo Viridiana anabisha hodi chumbani kwa Jorge. Buñuel akaandika mwingine: anaingia, anamkuta mtumishi Ramona, na wote watatu wanakaa kucheza karata huku santuri ikipiga muziki wa vijana. Wakaguzi wakauruhusu, ingawa una uchafu mwingi kuliko ule wa kwanza. Lakini maandishi peke yake yasingetosha. Pinal ameshajitazama kwenye kioo kidogo, nywele ziko chini, na anapokaa mezani anaruhusu Jorge amwongoze mkono kwenye karata. Hakubali, hakatai. Angetabasamu kidogo tu, filamu ingekuwa hadithi ya mwanamke aliyeanguka. Angelia, ingekuwa mahubiri.

Viridiana ilishiriki tuzo kuu ya Cannes mwaka 1961, gazeti la Vatikani likaishambulia, na Hispania ikaipiga marufuku hadi mwaka 1977. Uraia wake wa Kimexico, uliotokana na fedha za Alatriste, ndio ulioiwezesha kuendelea kuonyeshwa duniani.

Pinal na Buñuel walifanya filamu nyingine mbili pamoja. Katika El ángel exterminador ya mwaka 1962 yeye ni mmoja tu katika kundi la wageni wanaoshindwa kutoka chumbani, na anakubali kupotea humo hadi pale anapogundua kwamba kila mtu yuko tena mahali alipokuwa usiku wa kwanza. Katika Simón del desierto, filamu fupi ya dakika kama 45, yeye ni shetani: mara msichana wa shule, mara mchungaji mwenye ndevu na mwanakondoo. Hapo anarudisha ufundi wote wa vichekesho alioufungia nje ya Viridiana, na ndipo unapopima alikuwa amezuia kiasi gani.

Kizazi cha baadaye kilimjua zaidi kwa Mujer, casos de la vida real, kipindi cha kituo cha televisheni cha Televisa kilichodumu tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi 2007. Kilichukua visa vya watazamaji, vikiwemo vya ubakaji na vipigo vya nyumbani, kikavigeuza maigizo, naye akivitambulisha akitazama kamera moja kwa moja. Wahakiki wengi wanakipita haraka. Mimi naona uso uleule uliotulia ukitumika kwa kazi nyingine: haukumhukumu mwanamke ambaye kisa chake kilikuwa kinafuata, kwa hiyo wanawake wa Mexico waliendelea kuandika barua. Pinal alifariki Mexico City tarehe 28 Novemba 2024, akiwa na miaka 93.