Hesabu ya Vitanda Baharini

Tarehe 19 Oktoba 1914, Waingereza wa manowari Chatham waliingia mto Lukuledi, Lindi, wakaikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha, ubavuni imechorwa msalaba. Wajerumani walidai ni meli ya hospitali. Ndani hapakuwa na matayarisho yoyote ya kupokea majeruhi. Palikuwa na karatasi zilizofichua kwamba matishali ya makaa yalipelekwa Rufiji, maficho ya manowari ya Kijerumani Königsberg.

Wanahistoria hukimbilia karatasi hizo. Mimi hubaki na vitanda: meli ya hospitali ya kweli ingehitaji vingapi? Wapo watu wenye kazi ya kukisia hayo, na ni mafundi hasa.

Jeshi la nchi kavu hukisiwa kwa wastani: katika kila askari elfu, kwa siku, wataumia wangapi. Manowari haina wastani. Itakaa wiki kadhaa bila mtu kukwaruzwa, kisha ndani ya nusu saa sitaha nzima imejaa majeruhi. Kwa hiyo fundi huanza na silaha: meli itapigwa na nini, mara ngapi? Ukubwa wa meli hufuata. Watafiti wa jeshi la majini la Marekani walipata viwango vyao kwa kupekua kumbukumbu za meli zilizopigwa katika Vita Kuu ya Pili.

Chukua manowari ya Kiingereza Pegasus. Asubuhi ya 20 Septemba 1914 ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mitambo yake ikitengenezwa, Königsberg ikaipiga kutoka mbali ambako mizinga ya Pegasus haikufika. Walikufa 38, wakajeruhiwa 55. Ndivyo mizinga ilivyo: huacha wengi hai, wenye vyuma mwilini, mifupa iliyovunjika na ngozi iliyoungua, na wote wanamtaka mpasuaji saa ileile.

Torpido ni habari nyingine. Meli ya kubeba askari Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari 1944 ilipigwa torpido ikazama kwa dakika chache, wakafa zaidi ya 1,200. Msiba ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko wa Pegasus, ila aliyezama hahitaji kitanda. Ni hesabu chungu, na mkadiriaji hana budi kuiandika.

Tena daktari naye yumo melini, kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa watakaoumia. Ndiyo sababu vituo vya kufungia majeraha hutenganishwa, kimoja upande wa omo na kingine upande wa tezi, kila kimoja na machela zake na mtu anayejua kuzuia damu.