Carole King na makoo ya watu wengine

Mtunzi hupimika vizuri zaidi wimbo wake unapotoka kwenye koo la mtu mwingine. Carole King alipimwa hivyo tangu ujana wake. Mwaka 1960, akiwa na miaka 18 tu, tayari mke wa mtu na mama wa mtoto mchanga, alikuwa ameajiriwa jijini New York kutunga nyimbo. Ofisi za mwajiri wake, Aldon Music, zilikuwa na vyumba vidogo, kila kimoja na piano yake, na mtunzi wa chumba hiki alimsikia wa chumba cha pili akihangaika na wimbo wake.

Yeye alitunga muziki. Maneno yaliandikwa na mumewe, Gerry Goffin, ambaye mchana alifanya kazi kwenye maabara ya kemia. Jioni moja King alimwachia tyuni kwenye tepu akatoka, naye Goffin akaijazia maneno. Ndivyo ulivyopatikana “Will You Love Me Tomorrow”, ulioimbwa na The Shirelles, wasichana Weusi wanne kutoka New Jersey. Januari 1961 ulishika namba moja Marekani, na kabla yao halikuwahi kutokea kundi la wasichana Weusi lililofika hapo.

Mimi hurudia wimbo huo kwa sababu ya badiliko moja la chodi. Ubeti unaanza kwa uchangamfu, msichana ana furaha na mpenzi wake. Kisha katikati muziki unapinda ghafla kuelekea huzuni, na shaka inakuingia kabla mwimbaji hajauliza swali lake. Maneno yanakuja kuthibitisha kile ambacho sikio limekwishajua. Fidla zinazozunguka sauti ya mwimbaji huyo, Shirley Owens, alizipanga King mwenyewe, katika umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunaiga nyimbo za redioni.

Vibao vilifuatana. “The Loco-Motion” wa mwaka 1962 ulimfanya yaya wao, Little Eva, awe nyota. Lakini kazi kubwa zaidi, kwa masikio yangu, ni ule wimbo waliomwandikia Aretha Franklin mwaka 1967, “(You Make Me Feel Like) A Natural Woman”. Unaanza chini, karibu na mazungumzo ya kawaida, kisha unapanda taratibu hadi kiitikio kinapofunguka. King aliacha nafasi mle ndani. Hakuijaza kwa mbwembwe za mtunzi, maana alijua anayekuja kuimba ni nani, na Aretha akaingia na nguvu zote za kanisani.

Ndoa ilivunjika. King akahamia Los Angeles na binti zake wawili, akaanza kuimba nyimbo zake, ingawa jukwaa lilimtia hofu. Mwaka 1971 ikatoka albamu yake “Tapestry”, iliyokaa namba moja wiki 15 mfululizo. Prodyuza Lou Adler aliiweka piano mbele, karibu sana na msikilizaji, na sauti ya King, yenye mkwaruzo kidogo na isiyo na madoido, ikaachwa ilivyo. Katika albamu hiyo aliurudia wimbo wa Aretha. Hakushindana naye. Aliuimba kama mtu anayezungumza peke yake usiku, na wimbo ukasimama vilevile. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: aliuvua kila pambo, na hakuna kilichopungua.

“It's Too Late”, ambao maneno yake ni ya Toni Stern, unasimulia mapenzi yaliyokwisha bila kumtafuta mwenye kosa. Chodi mbili zinapokezana ubeti karibu mzima, na sauti hailii. Mtunzi mwingine angetafuta machozi. King aliamini kwamba utulivu ule unatosha.

Mwaka 1972 alishinda tuzo nne za Grammy, na hakwenda hata kuzipokea ukumbini. Mwaka 2010, akikaribia miaka 70, alizunguka viwanja vikubwa na rafiki yake James Taylor, nyuma yao wanamuziki walewale wa enzi za “Tapestry”. Sauti ilikuwa imekwaruza zaidi na pumzi imekuwa fupi, lakini tangu mwanzo alikuwa amezitunga nyimbo zake karibu na usemaji, kwa hiyo uzee ulimkuta na nyimbo anazoweza bado kuziimba.