Kifaranga Katika Mizani ya Sumu

Mwaka 1984 shirika la OECD lilitoa mwongozo nambari 205 wa kupima sumu za shambani, dawa za magugu zikiwamo, kwa njia ya chakula cha ndege. Kwa insafu, utaratibu wake ni mwema: vifaranga wa kware au wa bata, wenye umri wa siku 10 hadi 17, hugawanywa makundi, kila kundi likalishwa chakula chenye kadiri yake ya dawa kwa siku 5, kisha wakarudishiwa chakula safi kwa siku 3 au zaidi, hata kipatikane kiwango kiuacho nusu yao. Illa kifaranga akiuchukia uchungu wa dawa huacha kula, na yule aliyedhaniwa amestahimili sumu pengine hakuila. Mwongozo nambari 223 wa mwaka 2010 uliiepuka taksiri hiyo kwa kumtilia ndege kipimo kinywani, lakini ndege wenyewe ni wazima, na hapo ndipo mfugaji wa uwanda wa Ruzizi asipopata jibu lake juu ya vifaranga.

Tuhesabu tofauti ya mkubwa na mdogo. Mtetea wa gramu 1,500 hula takriban gramu 100 kwa siku. Kifaranga wa gramu 50 hula kama 10. Chakula kikiwa na miligramu 30 za dawa kwa kilo, mtetea hupata miligramu 2 kwa kila kilo ya mwili wake, na mwanawe 6, ilhali wamedonoa mahali pamoja.

Tena kifaranga wa Sange au Luberizi, uwandani humo, afuataye mamaye kandokando ya mpunga, hafungiwi kizimbani. Hudonoa wadudu walioloa, hunywa maji ya dimbwi palipochanganywa dawa. Dawa za magugu parakwati na glifosati hushikamana mno na udongo, basi hatari kubwa i katika jani lililoloa dawa na maji hayo, wala si katika ardhi iliyokauka. Dawa hizo mbili hazilingani kwa ukali: glifosati ni hafifu kwa ndege, ila parakwati ni kali zaidi, na kwa wanyama aghalabu huharibu mapafu.

Kwa hiyo, enyi wafugaji wa Uvira na Kiliba, siku ya kunyunyiza mfungieni mtetea na wanawe hadi majani yakauke barabara, changanyeni dawa mbali na ua, na bidoni tupu itobolewe, isigeuzwe chombo cha kunyweshea kuku.