Kusadikika Darasani Dzaleka

Dzaleka, wilayani Dowa, palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda, pakawa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Msomaji wa huko hahitaji kufafanuliwa kifungo cha wajumbe katika Kusadikika (1951) cha Shaaban Robert. Lakini hapo ndipo penye mtego. Mwaka 2023 serikali mjini Lilongwe iliwaamuru wakimbizi waliokaa mijini warejee kambini; basi ni rahisi mwalimu kutamka kwamba Majivuno ni serikali, Karama ni mkimbizi, kisha akafunga kitabu. Kwa maoni yetu, usomaji huo unampokonya Karama silaha yake. Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, husikiliza shtaka lote ndipo hujibu kwa hoja. Mwanafunzi naye na aipime hoja ya usalama iliyotolewa na serikali. Na ajue kwamba Malawi ilipouridhia Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 ilijihifadhia haki ya kuwapangia mahali pa kuishi. Halafu aulize: je, lililo halali ni haki pia kwa mwenye duka aliyeondolewa Lilongwe kwa nguvu? Sisi twaona si haki. Lakini mwanafunzi atakayetupinga kwa hoja kamili asipunguziwe alama hata moja.