Ayimba na Mkwaju wa Baada ya Trai

Changamwe ni mtaa wa kandanda. Kuanzia Chaani hadi Magongo, penye kiwanja cha vumbi pana magoli ya miti, na ukitaja raga kijana atakuuliza kama ni ule mchezo wa kupigana. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 17 Aprili 2016 hatukuwa wengi pale bandani kwa viazi karai. Runinga iko juu ya friji, sauti imemezwa na matrela ya barabarani, na Kenya inacheza na Fiji fainali ya duru ya Singapore katika Msururu wa Dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande. Mzee mmoja dereva, aliyekuwa akingoja foleni ya bandarini isogee, alitazama kidogo akanigeukia.

"Mwanangu, hawa wetu ndio waliofunga. Mbona tena ndio wanaoanzisha mpira? Si zamu ya waliofungwa?"

Nilimjibu kwa mkato, kwa kuwa sikutaka kukosa kitu. Lakini swali lake ndilo mlango wa kuuelewa ushindi ule wa 30 kwa 7, na wa kumwelewa Benjamin Ayimba, kocha aliyeupanga.

Kwenye kandanda, anayefungwa ndiye anayewekewa mpira katikati. Kwenye raga ya saba mambo ni kinyume: aliyefunga ndiye anayepiga mkwaju wa kuanzisha, na mpira sharti ufike mita 10. Yaani ukifunga trai, ukaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, umempa mpinzani mpira, ila ukimbilie kumnyang'anya hewani. Uwanja ni ule ule wa watu 15, kama mita 100 kwa 70, na mechi ya kawaida ni dakika saba kila kipindi. Timu ikifunga, ikaudaka mkwaju wake yenyewe, ikafunga tena, wapinzani wanaweza kumaliza dakika tatu wakisimama chini ya milingoti yao tu.

Sasa tupige hesabu. Trai ni pointi 5, mkwaju wa kuiongezea ni 2, penalti ni 3. Zigawe pointi 30 upendavyo, hutapata njia ya kuzifikia kwa kufunga chini ya mara sita. Basi Kenya iliupeleka mpira juu mbele ya Fiji mara nne kwa uchache baada ya kufunga, na Fiji hao, ambao wakipewa mpira mkononi ni hatari kuliko timu nyingine yoyote duniani, wakaambulia trai moja na mkwaju wake. Pointi saba! Bahati haiji mara nne mfululizo. Wakenya walikuwa wakiufuata mkwaju wao kama watu wanaofuata mali yao.

Kazi hiyo ya kuruka, kugombea na kuangukia mpira ni ya mafowadi, na Ayimba alikuwa fowadi. Katika raga ya watu 15 alicheza namba 8, yule anayesimama mkiani mwa skramu, lile kundi la mafowadi wanaosukumana, anauchomoa mpira miguuni mwa wenzake na kuwavaa watu nao. Katika mpira wa Wamarekani yupo mchezaji wa namna hiyo, anayekabidhiwa mpira mkononi nyuma ya ukuta wa wenzake kisha atafute mwanya, na akiukosa autoboe. Ayimba aliichezea klabu ya Impala, akawahi kwenda Uingereza kuichezea Cornish Pirates, na akawa nahodha wa Kenya. Mtu wa namna hiyo akiwa kocha hushughulika zaidi na nani ataupata mpira kuliko na mbwembwe atakazozifanya akishaupata. Nahodha wake Singapore alikuwa Andrew Amonde wa KCB, fowadi mwenzake. Collins Injera, winga mfungaji, alipata trai mbili siku hiyo, na mwezi uliofuata kule London akaivunja rekodi ya dunia ya trai iliyokuwa ya Santiago Gómez Cora wa Argentina. Watu humkumbuka Injera, na ni haki yake, lakini winga hafungi mpira ambao hakuna aliyeupata.

Ukitaka kuona kwamba Singapore haikuwa ajali, rudi nyuma hadi tarehe 7 Machi 2009, Dubai, Kombe la Dunia la raga ya saba. Kocha ni Ayimba huyu huyu, katika kipindi chake cha kwanza. Robo fainali, Kenya 26, Fiji 7. Fiji ndio walioingia pale wakiwa mabingwa wa dunia. Tazama hiyo saba: mara mbili, miaka saba ikiwa katikati, Ayimba aliwaachia Fiji trai moja tu na mkwaju wake.

Fiji huishi kwa pasi anayotoa mtu akiwa tayari anaanguka. Unamkamata miguu, mkono wake uko huru, na mpira ushafika kwa mwenziwe anayekuja mbio. Ukimvaa mtu mmoja mmoja umekwisha. Anayewaweza ni yule anayekwenda wawili wawili, mmoja chini kwenye mapaja na mwingine juu ya mpira, halafu wote wawili wainuke upesi kwa sababu wamebaki watano kulinda mita 70. Ni kazi ya mapafu. Na njia ya kuipunguza ni ile aliyoiuliza mzee: wasipewe mpira kabisa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, fumbo la Ayimba halikuwa Fiji. Lilikuwa Argentina.

Siku ile ile ya Dubai, saa chache baada ya kuwang'oa Fiji, Kenya ilikutana na Argentina kwenye nusu fainali ikashindwa 12 kwa 0. Timu iliyotoka kuwafunga mabingwa pointi 26 haikupata hata moja. Waargentina hawachezi kama Fiji. Wao hushika mpira, huvumilia, humsubiri mpinzani achoke. Na Kenya walikuwa wamejimwaga wote kwenye robo fainali. Mwezi uliofuata walifika fainali Adelaide, wakapigwa 26 kwa 7 na Afrika Kusini. Mwaka 2013, wakati huo wakifundishwa na Mwingereza Mike Friday, walifika fainali Wellington na kuteleza mbele ya Uingereza katika muda wa ziada.

Singapore iliwaletea wapinzani wale wale wa Dubai, ila kwa mpangilio wa kinyume. Baada ya kuitoa Ufaransa 28 kwa 7, nusu fainali ilikuwa na Argentina. Kenya ikapita kwa 15 dhidi ya 12. Fainali ilipendeza zaidi, lakini mimi mechi hii ndiyo ninayoiona kuwa kazi halisi ya ukocha. Kuishinda kwa pointi tatu timu inayokuchosha kwa makusudi, huku ukijua fainali inakusubiri jioni, kunataka kocha anayejua nani amtoe uwanjani mapema wakati bado ana pumzi. Kikosi kilikuwa na watu 12 tu, na siku ilikuwa moja.

Sitaki kumpa sifa zote. Friday alikuwa ameijenga timu kwa mazoezi ya viungo, na kina Injera walikuwa wamekomaa chini ya makocha zaidi ya mmoja. Tena miezi minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Rio, Kenya ikamaliza ya 11, huku Fiji wale wale, wakifundishwa na Ben Ryan, wakiichapa Great Britain 43 kwa 7 na kubeba dhahabu. Silaha ya mkwaju ikishaonekana na wote, wote huja na warefu wao. Ayimba akaondoka, Innocent Simiyu akashika nafasi. Tarehe 21 Mei 2021 Ayimba akafariki akiwa na miaka 44, baada ya kuugua malaria.

Pale bandani, kipindi cha pili kilipokuwa kikielekea mwisho, Kenya walifunga tena na mpigaji akauweka mpira sawa katikati. Mzee hakuniuliza kitu. Aliinuka na kikombe chake, akanyoosha kidole kwa kijana wetu mmoja mrefu aliyekuwa akijiandaa kukimbia pembeni, hata mpira haujapigwa.

"Huyo," alisema. "Unamwendea huyo."

Foleni ilikuwa imesogea. Wa nyuma yake walikuwa wakimpigia honi.