Kuikagua Picha Iliyotoka Labu

Ukifungua bahasha ya picha za harusi, usianze na uso wa bi harusi. Tafuta kwanza kitu kisicho na rangi: ukuta wa saruji, koti la kijivu, shati jeupe lililo kivulini. Uso una mapambo na mapenzi, nayo hudanganya jicho. Kijivu hakina pa kujificha. Kikivuta waridi au kijani kwa kiasi kilekile picha nzima, kosa hilo linarekebishika. Vivuli vikiwa kijani huku sehemu angavu zikiwa waridi, mashine au dawa za labu ndizo zilizokaa vibaya, na usihangaike kuligusa faili lako.

Hayo yote yatazame dirishani mchana, pasipopigwa na jua, mbali na ukuta uliopakwa rangi. Taa ya dukani inaweza kuharibu picha nzuri na kuipendezesha mbovu. Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, ISO 3664, kinataka mwanga wa kelvini 5000.

Malalamiko ya kila siku ni kwamba picha imetoka na giza. Mara nyingi karatasi haina kosa. Skrini nyingi hutumiwa zikiwa na mwanga mkali mno, nawe ukapunguza mwanga wa picha ili isiumize macho. Skrini ya kazi hii isawazishwe kwa kifaa cha kupima rangi, nyeupe yake iwe kelvini 6500, na ukali wake kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Simu ya mteja usiifanye shahidi.

Faili lipelekwe katika sRGB, mfumo wa rangi uliobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, isipokuwa labu ikuombe vingine. Ukipeleka Adobe RGB kwa labu isiyosoma profaili ya rangi iliyo ndani ya faili, rangi zitarudi zimefifia. Zile taa za zambarau za ukumbini ni habari nyingine: karatasi haina uwezo wa kuzifikia, na fundi mkweli atakwambia mapema.

Labu yenyewe naipima kwa ngozi nyeusi. Shavu linapopata mwanga lionyeshe wekundu wake wa kahawia, na kivulini bado uone umbo la uso. Likiwa kama limepakwa majivu, shuku marekebisho ya kiotomatiki: mashine huona suti nyeusi imejaa fremu ikaongeza mwanga, ikaona shela jeupe ikaupunguza. Kwa hiyo linganisha kurasa mbili za albamu, uso uleule mbele ya suti na mbele ya shela. Ukibadilika, mwambie fundi azime marekebisho hayo, asafishe upya.

Faili moja la majaribio lenye kijivu na nyuso ulitunze pamoja na picha yake nzuri ya karatasi. Lisafishe tena kila labu inapobadili karatasi, kabla hujalipia albamu.