Mu kilabu kidogo hakuna fasi ya kujificha: Jeff Beck kwa Ronnie Scott's

Kila mara tunapobishana juu ya nani ni mpiga gita mkubwa, mabishano inaishia kwa mbio. Huyu vidole vyake vinakimbia, yule hata jicho haliwezi kumfuata. Mimi leo naleta ushahidi wa kinyume: Performing This Week... Live at Ronnie Scott's, albamu ambayo Mwingereza Jeff Beck alirekodi London mwezi wa Novemba 2007, ikatoka 2008. Naisikiliza kwa telefone, video yake pia naijua, na nasema wazi: pale ukubwa wa Beck unasikika zaidi mu zile noti anazoacha kupiga, na mu fasi anayowaachia wenzake.

Tuanze na nyumba yenyewe. Ronnie Scott's ni kilabu ya jazz mu mtaa wa Soho, iliyofunguliwa 1959 na wapiga saksofoni wawili, Ronnie Scott na Pete King. Meza ziko karibu na jukwaa, watu wamekaa, wanakula, wanaangalia vidole. Beck alikuwa na miaka 63, mutu aliyepita kwa Yardbirds tangu 1965 na kuzoea majukwaa makubwa. Mu stade, sono kubwa, mataa na makelele ya watu vinafunika makosa mengi. Hapa hakuna cha kufunika. Sisi wa agronomia tunajua hiyo mambo: shamba la hekta kumi linaweza kuficha mche mgonjwa, lakini kitalu hakifichi.

Na angalia vile anapiga. Hashiki kile kipande cha plastiki ambacho wapiga rock wengi wanatumia kukwangua nyuzi. Anapiga na kidole gumba na vidole vingine, kidole kidogo kinazungusha kitufe cha sauti, na mkono huohuo unashika ile fimbo ya chuma inayolegeza na kukaza nyuzi. Anaweza kugusa uzi sauti ikiwa imefungwa, halafu anaifungua polepole, na noti inakuja kama mutu anayevuta pumzi mbele ya kuimba. Kwa sababu hii Beck hahitaji mwimbaji. Sikiliza Where Were You, wimbo wake wa 1989: karibu yote ni zile sauti nyembamba zinazotoka ukigusa uzi bila kuukandamiza, na anazipandisha na kuzishusha kwa fimbo tu. Akikosea kidogo sana, wimbo unaharibika, na kila meza inasikia. Pale hakuna mbio hata kidogo, lakini ni kitu kigumu kuliko vyote mu ile albamu.

A Day in the Life ya Beatles nayo ni hivyo. Kwa rekodi ya 1967, pale muziki inapopanda, ni orkestra ya wanamuziki 40 waliofanya ile kazi. Beck na watu wake ni wanne. Anaanza chini kabisa, kama anaongea na meza ya mbele, ndiyo maana akipanda unashituka. Wimbo huo ulimpatia Grammy mu 2010. Mimi naona aliishinda kwa ule unyamavu wa mwanzo.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi ni besi. Vinnie Colaiuta kwa batri na Jason Rebello kwa kinanda walikuwa tayari watu wa kazi, waliopita kwa Sting. Besi alipewa Tal Wilkenfeld, dada wa Australia mwenye miaka 20. Mu Cause We've Ended as Lovers, wimbo ulioandikwa na Stevie Wonder na ambao Beck aliujulisha kwa dunia mu 1975, mzee anamuachia huyo binti solo. Si mwishoni, watu wakiwa wamechoka. Ni ndani ya wimbo wake mwenyewe ambao watu walikuja kusikia. Binti haharakishi, anaimba na besi. Mzee anamwangalia, anatabasamu. Hapo jiulizeni: kwetu, nani anamuachia kijana wa miaka 20 solo? Tangazo la kazi linamuomba licencié wa jana miaka mitano ya uzoefu. Mu maorkestra yetu pia, wangapi wanazeekea nyuma ya kiongozi wakipiga mstari mumoja tu?

Sisemi kila kitu ni kizuri. Scatterbrain ni mazoezi ya vidole: unashangaa, wimbo unaisha, hakuna kinachobaki. Colaiuta mara nyingine anajaza kila pengo na batri, wakati pengo ndilo lilikuwa muziki. Na video inaongeza wageni, Joss Stone, Imogen Heap, Eric Clapton. Waimbaji wakiingia, gita inarudi kazi ya kusindikiza, na kile kilabu kilikuwa kinatufundisha kinapotea kidogo. Ile CD isiyo na wageni inashinda video, hata kama haioneshi vidole.

Musiseme hii ni mambo ya Wazungu. OK Jazz ya Franco ilichukua jina lake kwa bar ya Kinshasa, O.K. Bar, mu 1956, wakati muji ulikuwa bado unaitwa Léopoldville. Hapa Katanga, Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mu 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gita moja kavu kwa kidole gumba na shahada, na ukimsikia unafikiri wako wawili. Gita yetu pia ilikomalia mu fasi ndogo, karibu na watu wanaosikiliza.

Kwa hiyo wale kati yenu wanaotayarisha konseri za chama, nina ombi moja. Mbele ya kukodi sono ya kuvunja madirisha, tafuteni chumba cha viti sitini na muweke jukwaa karibu na watu. Na mu kila orkestra mutakayoalika, muombe kijana mumoja aachiwe wimbo muzima. Nani ataanza?